Mahojiano Marefu ya Kazi ya Mshauri wa Fedha: Mwombaji Ajiandae, Naye Aulize

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vijana wanaotafuta kazi pamoja na wazazi wao. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Tangazo la kazi ya mshauri wa fedha si geni kwa kijana anayetafuta kazi. Huonekana gazetini, katika kundi la WhatsApp la waliomaliza chuo pamoja, na wakati mwingine kwenye karatasi iliyobandikwa nguzo ya stima karibu na steji. Mwenye cheti cha KCSE huliona, mwenye diploma huliona, na mwenye shahada aliyekaa nyumbani miaka miwili huliona pia. Anatuma wasifu wake, anapigiwa simu siku hiyo hiyo au baada ya wiki tatu, kisha safari inaanza: mtihani wa hesabu kwenye simu, kikao cha watu wengi ukumbini, mahojiano na meneja wa kikundi, kazi ya kufanyia nyumbani, mahojiano mengine mbele ya jopo, masomo, mtihani wa leseni. Inaweza kuchukua mwezi mmoja. Inaweza kuchukua mitatu. Wapo wanaoachia njiani, si kwa kushindwa na maswali bali kwa kuishiwa nauli.

Urefu huo una sababu. Kampuni inataka kujua kama mtu huyu anaweza kukaa na pesa za mwingine bila kuzila na bila kumpotosha mwenyewe. Hilo haliwezi kujulikana kwa nusu saa. Lakini mwombaji naye ana lake la kutafuta katika wiki hizo, na hapo ndipo vijana wengi hulala. Wanajiandaa kuulizwa tu. Hawajiandai kuuliza. Wanapokuja kujua ni kazi ya namna gani waliyoikubali, tayari shangazi na mwalimu wao wa zamani wameshaweka sahihi.

Cheo kimoja, kazi nyingi

Nchini Kenya maneno "mshauri wa fedha" yameandikwa kwenye kadi za watu wanaofanya kazi zisizofanana. Wengi wao ni mawakala wa bima, hasa bima ya maisha, bima ya elimu ya watoto na mipango ya pensheni. Hao husajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, chini ya Sheria ya Bima, Sura ya 487. Wengine ni washauri wa uwekezaji, ambao leseni yao hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, chini ya Sura ya 485A. Wapo walioajiriwa na benki kuwahudumia wateja wenye akiba kubwa, na benki hizo husimamiwa na Benki Kuu. Pensheni ina mamlaka yake, RBA, na SACCO zinazopokea amana zina SASRA.

Kwa mwombaji, tofauti hii si ya karatasi tu. Benki au kampuni ya uwekezaji mara nyingi hutaka shahada, na humtazama vizuri zaidi aliyeanza mitihani ya CIFA inayosimamiwa na KASNEB. Wakala wa bima huweza kuanza akiwa na elimu ndogo kuliko hiyo, lakini ni lazima apate cheti kinachojulikana kwa herufi COP kabla ya kusajiliwa. Chuo cha Bima kilichoko South C, Nairobi, ndicho kinachojulikana zaidi kwa masomo hayo. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, hata kabla ya kutuma wasifu, ni hili: kazi hii iko chini ya mamlaka gani, na kampuni yenyewe imo katika orodha ya mamlaka hiyo? Orodha za walio na leseni huchapishwa na IRA na CMA kwenye tovuti zao. Kuzisoma hakugharimu zaidi ya bando la siku moja.

Swali la pili ni mshahara au kamisheni. Tangazo likisema "mapato hayana kikomo," mara nyingi maana yake ni kwamba hayana mwanzo pia. Chukua mfano. Mteja anakubali kulipa shilingi 3,000 kila mwezi kwa bima ya elimu ya mtoto, na mkataba wa wakala unampa asilimia 20 ya malipo hayo katika mwaka wa kwanza. Hizo ni shilingi 600. Kamisheni ya wakala hukatwa kodi ya asilimia 10 kabla haijamfikia, basi anabaki na 540. Ili apate shilingi 30,000 kwa mwezi anahitaji wateja 56, wote wakilipa bila kukosa. Nauli na muda wa maongezi havijaondolewa hapo. Asilimia 20 ni ya mfano tu. Kila kampuni na kila aina ya bima ina kiwango chake, na kwa kawaida kiwango hushuka kuanzia mwaka wa pili. Mwombaji aombe kiwango halisi, kisha aifanye hesabu hii mwenyewe nyumbani, kwa kalamu, akiwa na mtu anayemlisha.

Wakala wa kamisheni, aghalabu, si mwajiriwa. Ile likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka inayotajwa katika Sheria ya Ajira ya 2007 haimhusu, na hakuna mwajiri wa kumwongezea mchango wa NSSF. Zipo pia kampuni zinazotoa kamisheni mapema na kuidai irudishwe mteja akiacha kulipa. Haya yote yanaweza kuwa sawa kwa mtu anayeyajua. Kuna mawakala waliosomesha watoto na kujenga nyumba kwa kazi hii, na kaunti inawahitaji, maana kuna vijiji vizima ambako mtu wa kwanza kueleza bima ni yule anayekuja kuiuza.

Mtihani wa hesabu

Hatua ya kwanza huwaogopesha watu zaidi kuliko inavyostahili. Si hesabu za chuo kikuu. Ni asilimia, riba, na kusoma jedwali. Anayejiandaa afanye maswali machache kila jioni badala ya kukesha siku moja, na achague maswali yanayofanana na maisha.

Kwa mfano: mtu ameweka shilingi 10,000 mahali panapolipa asilimia 12 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka faida ni 1,200. Riba hukatwa kodi ya asilimia 15, yaani 180. Anabaki na 1,020. Ikiwa bei za vitu zimepanda kwa asilimia 5 mwaka huo huo, basi unga na sukari alivyoweza kununua kwa 10,000 sasa vinataka 10,500, na faida yake ya kweli ni kama shilingi 500 tu. Mwombaji anayeweza kueleza hilo kwa mama muuza mboga bila kutumia neno moja gumu ameshafanya nusu ya kazi. Ipo pia njia ya mkato inayopendwa na majopo: gawa 72 kwa kiwango cha riba ili ujue pesa zitaongezeka mara mbili baada ya miaka mingapi. Kwa asilimia 9, miaka 8. Riba lazima iwe inajumlishwa kwenye mtaji kila mwaka, la sivyo njia hiyo haifai.

Ajue pia bidhaa za kawaida ambazo mteja atamtajia, hata kama yeye haziuzi. Hati za muda mfupi za serikali ni za siku 91, 182 na 364, na tangu Benki Kuu ilipoanzisha mfumo wa DhowCSD mwaka 2023 mwananchi anaweza kuzinunua kwa simu yake. Mtu anayeomba kazi ya ushauri wa fedha naye hajawahi kufungua ukurasa huo ataonekana mara moja.

Mahojiano ya simu yenyewe hayana mengi. Mwombaji atafute mahali penye mtandao na pasipo na kelele, awe na karatasi, na asijibu akiwa juu ya bodaboda.

Ukumbini

Kikao cha watu wengi ndicho chenye picha nzuri. Meneja huonyesha safari za Dubai, magari, na majina ya waliovuka lengo. Hakuna ubaya katika kusherehekea aliyefanya vizuri. Lakini anayesikiliza kwa makini hujiuliza kuhusu wale wasio kwenye picha. Ni wangapi walioanza mwaka jana na bado wapo? Wa katikati, si wa kwanza, alipata kiasi gani mwezi uliopita? Haya ni maswali ya heshima kabisa yakiulizwa kwa upole, na meneja anayejua kazi yake huwa na majibu.

Ukumbini ndimo pia matapeli hujificha. Hakuna kampuni halali inayouza nafasi ya mahojiano. Ada ya masomo na mtihani wa COP na ada ya usajili ni gharama za kweli, lakini zina risiti na hulipwa kwa taasisi yenyewe; hazitumwi kwa namba ya M-Pesa ya mtu binafsi anayejiita afisa wa ajira. Kampuni nyingine huwalipia mawakala wao wapya, nyingine hukata baadaye kwenye kamisheni. Mwombaji aulize, na jibu alitake kwa maandishi.

Orodha ya majina mia

Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengine, wasioomba kazi yoyote, huingizwa katika jambo hili.

Kampuni nyingi za bima humpa mwombaji kazi ya kuandika majina ya watu mia moja anaowajua, pamoja na namba zao za simu, kazi zao, na kama wana watoto. Huitwa mradi, au utafiti wa soko. Kijana huketi na simu yake na kuandika ukoo mzima, wanakwaya wenzake, mwenyekiti wa chama cha mamake, na mwalimu mkuu wa shule aliyosoma. Baada ya hapo, awe ameajiriwa au hakuajiriwa, majina hayo yamebaki ofisini.

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, namba ya simu ya mtu pamoja na habari za familia yake si mali ya anayeijua. Mwombaji ana njia rahisi ya kufanya kazi hii bila kumuuza jirani: aandike orodha yake kwa jina la kwanza na kazi tu, aeleze kwamba namba atazitoa baada ya kuzungumza na wenyewe, na awapigie. "Shangazi, naomba kazi mahali fulani, wameniambia niorodheshe watu ninaoweza kuongea nao kuhusu akiba. Naweza kukuandika?" Watakaokataa watakataa. Watakaokubali ni watu ishirini au thelathini wa kweli, na mbele ya jopo hao wana thamani kuliko mia wa kubuni. Meneja mzoefu anaijua orodha ya kubuni akiitazama tu. Imejaa watu wasio na kipato.

Wengine watasema kwamba huo ni ushamba, kwamba biashara ni biashara. Wazee waliokuwepo miaka ya 2006 na 2007 wanakumbuka upatu uliowala watu akiba zao nchini. Waliowaingiza wananchi katika mitego ile hawakuwa wageni kutoka mbali. Walikuwa majirani, jamaa na waumini wenzao, na wengi wao waliamini kwa dhati walichokuwa wakisema. Bima iliyosajiliwa si upatu, na ni makosa kuvichanganya. Ila mlango ni ule ule: mtu hununua kwa sababu anamwamini anayemletea. Mlango huo ukishavunjwa mara moja, hata anayekuja na kitu kizuri mwaka unaofuata hafunguliwi.

Mbele ya jopo

Jopo huwa na watu watatu au wanne, na mara nyingi mmoja wao hujifanya mteja. Anaweza kuwa mzee mkaidi: "Bima ni ya watu wa mjini. Mimi nina ng'ombe wangu." Mwombaji asiyejiandaa huanza hotuba. Mwombaji aliyejiandaa husalimia kwanza jinsi mzee anavyosalimiwa kwao, kisha huuliza: "Mzee, ng'ombe hao ni wangapi? Na ule mwaka wa ukame, walibaki wangapi?" Halafu hunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Zoezi hili lifanywe nyumbani na mtu mzima anayejua kubisha. Kijana mwenzake atamwonea huruma.

Baada ya hapo huja mfano wa mteja. Mfano mmoja ambao ni vyema kuufanyia mazoezi ni wa mwalimu wa shule ya msingi, aliyeajiriwa na TSC kwa masharti ya kudumu, umri wake miaka 34, ana watoto wawili na mkopo wa SACCO wenye miaka mitatu mbele. Baada ya makato yote anabakiza shilingi 10,000 kwa mwezi na anataka "kuwekeza." Ashauriwe nini?

Anayekimbilia kuuza atasema bima ya elimu ya shilingi 5,000 na bima ya maisha juu yake. Jibu hilo linaonyesha kwamba hajui mwalimu huyo tayari ana nini. Mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ulianza tarehe 1 Januari 2021, na walimu waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa humo. Mwalimu huchangia asilimia 7.5 ya mshahara wake na serikali asilimia 15, na ndani yake kuna bima ya maisha isiyopungua mara tano ya mshahara wa mwaka unaohesabiwa kwa pensheni. Kwa matibabu, asilimia 2.75 ya mshahara wake huenda kwa SHIF, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Asilimia 1.5 nyingine ni ya nyumba. Kinachokosekana katika mfano huu ni akiba ya dharura. Mtoto akifukuzwa shule kwa karo leo, mwalimu huyu atakwenda kwa mkopo wa simu.

Mwombaji anayeanza kwa maswali, akauliza nani anamtegemea mteja, mkopo unaisha mwezi gani na riba yake ni ipi, kisha akasema kwamba kwa miezi michache ya kwanza mteja ajaze kwanza akiba ya dharura kabla ya kununua bima yoyote mpya, ametoa jibu la mshauri. Inawezekana jopo likakunja uso. Kampuni inayomkataa mtu kwa jibu kama hilo imemfahamisha jambo muhimu kuihusu yenyewe, na imemfahamisha mapema.

Mfano mwingine wenye manufaa ni wa mkulima wa majani chai. Bonasi yake huja mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba, na malipo ya kila mwezi ni madogo. Akiandikiwa bima ya kulipwa kila mwezi kwa kiwango kilichopimwa kwa bonasi, kufikia Machi ameshindwa. Mikataba mingi ya bima ya akiba haina cha kurudisha mteja akiacha katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Wakala atakuwa ameshapata kamisheni, kampuni itakuwa imepokea miezi mitano, na mkulima atakuwa amepoteza yote na kuapa kutosikia tena neno bima. Swali la kumuuliza mkulima huyo ni kama malipo ya mara moja kwa mwaka yangemfaa zaidi, na kampuni nyingi zinayakubali. Katika maeneo yenye Waislamu wengi mteja atauliza kuhusu takaful, na ni aibu kwa mshauri kuwa analisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

Swali la mwisho la aina hii huwa la usalama: "Benki ilifungwa, pesa zetu zikakwama. Kwa nini nikuamini wewe?" Wateja wanakumbuka Imperial Bank, iliyowekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015, na Chase Bank, Aprili 2016. Mwombaji anapaswa kujua kwamba leo amana za benki hulindwa na KDIC hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki, kiwango kilichopandishwa mwaka 2020 kutoka 100,000. Ajue pia kwamba kinga hiyo haigusi SACCO, wala hisa, wala mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Asimwambie mteja kwamba kila kitu ni salama. Aeleze kipi kinalindwa na nani, na hadi wapi.

Vyeti, na deni la simu

Kuhusu makaratasi kuna vurugu isiyo na lazima. Vijana hutumia maelfu ya shilingi kukusanya vyeti vya HELB, EACC, CRB, KRA na tabia njema kabla hata ya kuitwa. Kwa kazi ya kuajiriwa, Sheria ya Ajira ilivyorekebishwa mwaka 2022 inamzuia mwajiri kudai vyeti hivyo kabla hajakusudia kuandikiana mkataba na mwombaji. Cha kuwa nacho tangu mwanzo ni kitambulisho, PIN ya KRA na vyeti vya masomo. Cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, na alama za vidole zinaweza kuchukuliwa katika Huduma Centre iliyo karibu. Kwa kuwa huchukua muda kutoka, anayefika hatua ya jopo anaweza kukianza.

Jambo linalowanyima watu usingizi ni CRB. Kazi ya fedha hupekua historia ya mikopo kuliko kazi nyingine nyingi, na kijana aliyeshindwa kulipa mkopo wa simu wa shilingi 2,000 miaka mitatu iliyopita anaweza kuwa bado ameorodheshwa. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa taasisi hizo, ambazo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mwombaji aichukue mapema, aisome, alipe kidogo kilichopo au aandikiane na mkopeshaji namna atakavyolipa, na ikiwa kuna deni lisilo lake, alipinge kwa maandishi. Jopo likimuuliza, aseme ukweli. Mtu aliyewahi kuingia deni akatoka ana la kumwambia mteja. Mtu aliyeficha deni akagunduliwa hana.

Wadhamini wa kuandikwa kwenye wasifu wapigiwe kabla. Chifu anayepigiwa simu na kampuni kutoka Nairobi kuhusu kijana ambaye hajamwona tangu darasa la nane hujibu kwa ufupi sana.

Masomo ya COP si marefu, lakini yana maneno ambayo mtu akiyakariri bila kuyaelewa yatamkwama. Nia njema kabisa: mteja na kampuni wote wanatakiwa kufunuliana ukweli, na ndiyo maana wakala anayemshauri mteja afiche ugonjwa wa sukari ili fomu ipite anamtengenezea mjane wake kesi. Maslahi ya kibima: mtu hawezi kukatia bima ng'ombe wa jirani. Fidia: bima ya mali humrudisha mtu alipokuwa, haimtajirishi. Mwombaji atafute mfano wa kila moja kutoka kijijini kwao, na mtihani utakuwa mwepesi.

Kwa wazazi, neno moja. Kijana aliye katika safari hii aonekana hana kazi, na ni kweli hana, lakini ana shughuli. Familia iketi naye mwanzoni na kukubaliana: nauli ya safari ngapi, hadi tarehe gani, na akipata leseni atakula nini katika miezi mitatu ya kwanza kabla kamisheni haijaanza kuonekana. Bila mazungumzo hayo, kijana huanza kuwauzia jamaa zake haraka haraka ili alipe kodi ya nyumba, na hapo ndipo ushauri mbaya huzaliwa, hata kwa mtu mwema.

Mwishoni mwa mahojiano mwenyekiti wa jopo huuliza kama mwombaji ana swali. Wengi husema hapana, asante, wakijua wanaonyesha adabu. Mwombaji awe na la kuuliza, na kama ni moja tu, liwe hili: wakala aliyekuwa na eneo hili kabla yake alikwenda wapi, na wateja aliowaacha wanahudumiwa na nani sasa? Kila kampuni ina wateja wa namna hiyo, watu waliosaini na mtu ambaye simu yake haipatikani tena. Kampuni nzuri itasema wako wangapi, nani anawashughulikia, na pengine itampa mwombaji baadhi yao awe ndio kazi yake ya kwanza: kuwatembelea, kuwasomea mikataba yao upya, na kuwaeleza wamebakiza nini.